Wananiazima miezi 12, barua haisemi narudi wapi

Shikamoo Mshauri,

Mimi ni afisa muuguzi, mkunga, nina miaka 36 na mwaka wa tisa kazini. Nimeajiriwa na halmashauri moja ya Kanda ya Ziwa, niko kituo cha afya, na kwa miaka minne nimekuwa msimamizi wa wodi ya wazazi. Tuko wakunga watatu. Kwa mwezi tunazalisha akina mama kati ya 80 na 95.

Mwezi wa pili niliitwa kwenye kikao cha siku tatu cha kupitia rasimu ya mwongozo wa huduma za uzazi na mtoto mchanga. Ndani yake kulikuwa na sentensi inayosema oksitosini, dawa ya kuzuia mama asivuje damu baada ya kujifungua, itunzwe kwenye friji ya duka la dawa la kituo. Nikanyoosha mkono, nikasema kwetu duka la dawa halina friji. Friji tuliyonayo ni ya chanjo, iko chumba cha kliniki ya watoto, chumba kinafungwa saa 9:30 alasiri na ufunguo unaondoka na mhusika. Mama akivuja damu saa 8 usiku tunamchoma dawa iliyoshinda kwenye trei tangu mchana. Watu walinyamaza kidogo, halafu wakaanza kuniuliza mengine na mengine mpaka chai ikapoa.

Wiki tatu baadaye ikaja barua kwa Mkurugenzi, nakala kwangu kupitia kwa Mganga Mkuu: "YAH: OMBI LA MTUMISHI KUSAIDIA KAZI ZA KITAALAMU". Wanataka nikae Dodoma miezi 12 na timu inayoandika mwongozo huo. Barua inasema mshahara "ataendelea kulipwa na mwajiri wake". Basi. Posho haipo, malazi hayapo, kurudi hakupo. Aliyenipigia simu aliniambia kuna mradi wa wafadhili utanipa 600,000 kwa mwezi ya kujikimu, lakini karatasi sijaiona.

Mganga Mkuu hakunificha. Aliniuliza, "Ukiondoka wanabaki wawili, usiku atakaa nani?" Afisa utumishi kaniambia nisiwe na haraka, barua hiyo haijakaa sawa. Hakufafanua, na mimi niliogopa kuuliza.

Kinachonitisha ni yaliyompata rafiki yangu. Aliombwa na ofisi moja kwa miezi sita, ikawa kumi na moja. Aliporudi usimamizi wa kitengo alikuwa kapewa mwingine, na kwenye PEPMIS, mfumo wa serikali wa kupima kazi za watumishi, mwaka wake ulikuwa mtupu. Wenzake wa tange moja, yaani waliolingana naye kazini, walipanda daraja, yeye yuko palepale.

Kwa upande wa pesa, baada ya makato nachukua 560,000, maana nina mkopo wa benki wenye miaka mitatu mbele. Saa za ziada hunipa kama 150,000. Mume wangu ni mwalimu wa sekondari hapahapa. Mtoto wetu wa mwisho ana miaka minne. Mume anasema hana neno, niende.

Ila usiku silali. Nimeitwa kwa sababu ya wale akina mama, na ndio haohao nitakaowaacha. Nisipokwenda, ile sentensi ya friji itapita hivyohivyo. Nikienda, si nitakuwa nimekimbia wodi? Natakiwa kujibu Ijumaa ijayo.

Mkunga wa Njia Panda

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, mdogo wangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nikaona umenifungia mambo manne kwenye kanga moja: karatasi, pesa, wodi, na nyumbani. Ukiyabeba pamoja yanakulemea. Tuyafungue, ingawa hayana uzito sawa na sitayapa nafasi sawa.

Naanza na karatasi, maana mengine yote yananing'inia hapo. Wewe unaandika kana kwamba umeshaazimwa. Rudia kichwa cha barua uliyoninukulia: ni ombi la kusaidia kazi. Nadhani ndicho alichomaanisha afisa utumishi aliposema haijakaa sawa. Mtumishi wa halmashauri anaweza kujikuta ofisi nyingine kwa njia tatu, na kila moja ina matokeo yake.

Ipo safari ya kikazi. Kituo chako hakibadiliki, unakwenda kwa siku zilizotajwa na unalipwa posho ya kila usiku unaolala nje. Kwa wiki mbili inafaa sana. Kwa mwaka haiwezekani, piga hesabu mwenyewe: hata kwa 100,000 kwa usiku, siku 365 ni 36,500,000. Hakuna ofisi itakayoweka fedha hiyo kwenye bajeti kwa mtu mmoja. Ndiyo maana ukiona umeitwa kwa miezi 12 na posho haikutajwa, usidhani wamesahau.

Upo uhamisho. Hapo unahama kabisa, nafasi yako kwenye ikama, yaani hesabu ya watumishi walioruhusiwa, inahama, na halmashauri inaweza kuomba mtu wa kuziba pengo. Hukuniambia kama unautaka, na barua yao haiuombi.

Halafu kuna kuazimwa kwenyewe, ambako kuna kibali. Kibali hicho kinatoka Ofisi ya Rais, Utumishi. Anayekuhitaji hawezi kukitoa, na Mkurugenzi wako hawezi kukitoa peke yake. Kinaombwa kwa barua inayopanda ngazi: Mkurugenzi atoe ridhaa, mkoa na TAMISEMI, ofisi inayosimamia halmashauri, wajue, ndipo iende Utumishi. Inachukua wiki nyingi, wakati mwingine miezi, na ndiyo sababu watu huchoka kusubiri wakapanda basi na barua kama hiyo yako mkononi. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Safari hii nguo ni wewe, na kabla hujavaliwa una haki ya kujua nani amesaini kukuchukua na nani amesaini kukurudisha.

Nimejiuliza kuhusu rafiki yako. Umeyachukua yaliyompata kama bahati mbaya, au kama adhabu ya kuondoka. Mimi naona mambo mawili tofauti. Usimamizi wa kitengo ni madaraka: Mganga Mkuu anaweza kumpa mtu mwingine hata ukiwa umelala palepale kituoni, na mtu akiondoka miezi kumi na moja hakuna wodi itakayokaa bila msimamizi kumngojea. Hilo nawe lipokee mapema. Ukienda, usimamizi wa wodi huenda usiukute. Daraja ni habari nyingine. Daraja linafuata tathmini, na tathmini siku hizi iko PEPMIS. Wewe unaingiza majukumu yako, msimamizi wako anayapitisha, unaonyesha ushahidi wa kazi, mwaka unafungwa Juni 30. Sasa fikiria msimamizi wako kwenye mfumo bado ni muuguzi mfawidhi wa kituo. Wewe uko Dodoma unaandika sura ya nne ya mwongozo. Yeye hajaiona, hawezi kuipima, na majukumu yaliyosajiliwa kwa jina lako yanasema unasimamia wodi ya wazazi. Mwaka unakuwa mtupu bila mtu yeyote kukufanyia ubaya. Nahisi rafiki yako alikwama hapo.

Kinga yake si ngumu, lakini haifanyiki ukiwa umeshaondoka. Kabla ya kuripoti Dodoma, fungia majukumu ya miezi uliyofanya kituoni na uombe yapitishwe. Mwombe afisa utumishi abadilishe msimamizi wako kwenye mfumo awe mtu wa kule, kwa jina na cheo. Ingiza majukumu mapya yatokane na hadidu za rejea, yaani maelezo ya kazi uliyoitiwa. Kama hadidu za rejea hazipo, ziombe kwa maandishi: utaandika sura zipi, utawajibika kwa nani, kazi inaisha lini. Bila hizo kuna jambo huwapata sana watu wanaotoka vituoni. Wanaitwa kwa utaalamu wao, halafu wanajikuta kazi yao ni kuandika muhtasari wa kikao na kutoa kopi. Na kama wanaweza kukusubiri mpaka Julai 1, mwaka wako wa tathmini utakuwa mmoja badala ya vipande viwili.

Sasa pesa. Umeweka 600,000 ya mradi upande wa mapato. Iondoe kwanza, halafu tuhesabu. Unabaki na 560,000, maana ile 150,000 ya saa za ziada inabaki wodini, haipandi basi. Utalipa chumba Dodoma, utakula, na utarudi nyumbani walau mara moja kila mwezi na nusu, siku nzima ya basi kwenda na siku nzima kurudi. Huku nyumbani anahitajika dada wa kumwangalia mtoto saa ambazo baba yuko darasani. Bila posho, kwa hesabu hii, utakuwa unailipia serikali kufanya kazi yake. Kwa hiyo ile ahadi ya simu ndiyo inayoshikilia safari yote, nayo haina karatasi.

Sisemi aliyekupigia anadanganya. Huenda mradi upo na fedha ipo. Lakini Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake, watu wengi waliokuwa wakilipwa na miradi yake waliambiwa waache kazi ndani ya siku chache, na baadhi yao walikuwa wamekaa ofisi za serikali miaka. Muulize yeye, kwa barua pepe ili abaki na jibu: fedha inatoka mradi gani, mradi unaisha mwezi gani, inalipwa mwanzoni au mwishoni mwa mwezi, na ikikatika mimi narudi kituoni au nabaki? Swali la mwisho ndilo wengi husahau kuuliza.

Wakikujia na pendekezo la kuchukua likizo bila malipo ili mradi ukuajiri kwa mkataba, tulia. Mshahara wao unaweza kuvutia. Lakini mshahara wa serikali ukisimama, na michango ya pensheni ya PSSSF inasimama: asilimia 5 yako na 15 ya mwajiri. Benki nayo haitasimama kwa sababu wewe umesimama. Na ule mchango wa bima ya NHIF unaokatwa kwenye mshahara, na watoto wamo humo, unahitaji jibu lake kabla hujasaini chochote.

Nije kwenye wodi, ambako naona ndiko moyo wako ulipo. Umeandika "kukimbia". Nani alilitumia neno hilo? Kwenye barua yako Mganga Mkuu hakusema unakimbia; aliuliza usiku atakaa nani. Ni swali halali, na linaonekana la hasira kwa sababu hana jibu. Tazama alivyobanwa: barua inasema mshahara utaendelea kulipwa na mwajiri. Maana yake cheki namba yako, ile ya mshahara, inabaki kwake, kwenye ikama unahesabika upo, na akienda kuomba mkunga ataambiwa nafasi imejaa. Anapoteza mtu na hapati ruhusa ya kumziba. Ungekuwa wewe kwenye kiti chake ungefurahi?

Kupanga ikama si kazi yako, na nisingependa ubebe hatia ya mfumo mabegani. Lakini nisingependa pia ulipite hili haraka. Wakunga wawili hawawezi kugawana zamu tatu za siku saba, kila mwezi, kwa uzazi 90. Mmoja akiugua, au akipata msiba, usiku unabaki kwa mtu ambaye pengine hajazalisha siku nyingi. Kuna kitu unaweza kwenda nacho kwa Mganga Mkuu badala ya kumngoja akukatalie: pendekezo. Ni zahanati gani ya jirani ina mkunga anayeweza kushikizwa hapo kwa muda huohuo? Anahitaji wiki ngapi kando yako kabla hujaondoka? Nne ni chache, sita ni afadhali. Akili ya mtu hulegea anapoona umemfikiria.

Umeandika kwamba usipokwenda sentensi itapita. Hapa nitakubishia kidogo. Sentensi ile umeshaigusa. Ulichosema kikaoni kinaweza kuandikwa ukurasa mmoja na kutumwa, na kina mguu wa kusimamia: tangu 2019 WHO, UNICEF na UNFPA walitoa tamko la pamoja kwamba oksitosini, inayotaka baridi ya nyuzi 2 mpaka 8, inaweza kutunzwa kwenye friji moja na chanjo. Hilo halihitaji uhamie Dodoma.

Kinachohitaji uwepo wako ni kinachofuata. Mwongozo ukisema kituo "kinaweza" kuwa na friji wodini, mganga mfawidhi akipeleka ombi hilo kwenye mpango wa kituo litakatwa la kwanza. Ukisema "kiwe" na friji, lina pa kushika kwenye Mpango Kabambe wa Afya wa Halmashauri. Tofauti ni neno moja, na neno hilo hubadilishwa saa 11 jioni watu wakiwa wamechoka, na mtu anayejua maana yake wodini mara nyingi hayumo chumbani. Kwa hiyo naelewa unavyovutwa. Ila ujue na hili: utaandika rasimu, hutaamua. Rasimu itakwenda kwenye kikundi kazi, itarudi na maoni, itakwenda kwa wakubwa, itakaa. Miezi 12 inaweza kuisha mwongozo haujasainiwa, nawe ukarudi huna kitu cha kuwaonyesha wenzako. Wapo wanaoweza kuishi na hilo na wapo linaowavunja. Unajijua wewe ni wa wapi?

Kati ya kwenda na kukataa kuna njia ambazo barua yao haikuzitaja. Unaweza kuomba miezi mitatu mitatu, mara mbili, ukarudi wodini katikati. Hasara yake ni kwamba ukiwa kituoni kazi kule inaendelea bila wewe. Unaweza kuomba ubaki kituoni, upokee rasimu, na uende kwa safari ya kikazi ya wiki mbili kila sura inapoandikwa, kwa posho ya kawaida. Hii haigusi ikama wala PEPMIS wala ufunguo wa nyumba. Ubaya wake ni kwamba mialiko huja jana kwa kikao cha kesho, na zamu yako usiku huo haina mtu. Au unaweza kusema si mwaka huu. Hilo nalo ni jibu, na ukilitoa kwa adabu na kwa maandishi haliui jina lako.

Leseni usiisahau. Baraza la Uuguzi na Ukunga halijali kama uliazimwa. Litataka alama zako za mafunzo endelevu kama kawaida. Na mikono ina leseni yake. Mtoto asiyelia anahitaji kupumulishwa ndani ya dakika ya kwanza, na mkono ambao haujashika mfuko wa kupumulishia kwa mwaka huchelewa. Ukienda, uliza mapema kama unaweza kuruhusiwa kushika zamu moja moja kwenye hospitali ya kule, au upange mafunzo ya kukumbushia wiki ya kwanza utakaporudi.

La nyumbani nitalisema fupi, maana mimi simo humo ndani. Umeandika mume wangu hana neno. Barua yako ina maneno ya Mganga Mkuu, ya afisa utumishi, hata ya mtu wa simu, lakini ya mumeo hayamo, ila hilo moja kwamba hana. Keti naye na zile hesabu za juu, bila ile 600,000, na kalenda ya miezi 12 ukutani. Mtoto akipata homa usiku mwezi wa tano, nani anaomba ruhusa kazini? Anaweza kuwa kweli hana neno. Anaweza kuwa nalo na hajaulizwa kwa namna hiyo.

Na Ijumaa isikutishe. Wanaohitaji jibu Ijumaa watatosheka na jibu la kweli: nimepokea, niko tayari kuzungumza, nasubiri utaratibu wa kibali kutoka kwa mwajiri na hadidu za rejea kutoka kwenu. Ipitishe kwa Mganga Mkuu, ipelekwe masijala, iandikwe kumbukumbu namba, ubaki na nakala yako yenye muhuri wa kupokelewa. Ukija kupata kibali, tafuta humo mistari mitatu: tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza, na jina la kituo unachorudi. Mmoja ukikosekana, rudisha kwa afisa utumishi na safari hii usiogope kumuuliza.

Kuna jambo moja halihitaji kibali cha mtu yeyote. Wiki hii, kabla ya yote, kaa na mfawidhi na mhusika wa chanjo mkubaliane ufunguo wa ile friji unalala kwa nani kuanzia saa 9:30 alasiri.